Mjomba, nimempiga picha gadi

Mjomba, shikamoo.

Juzi kwenye simu uliniuliza mtu mzima anapataje raha kushinda Jumamosi nzima akipiga picha treni mbovu. Mjomba, hazikuwa mbovu. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu najua wapo wastaafu wengine wa reli watakaosoma, nao habari hii inawahusu.

New York wana Makumbusho ya Usafiri, yaliyofunguliwa mwaka 1976 ndani ya stesheni ya chini ya ardhi ya Court Street, Brooklyn. Stesheni hiyo ilikuwa imefungwa kwa abiria tangu mwaka 1946. Mabehewa ya kale yamepangwa kwenye reli zake zile zile, na reli hizo hadi leo zimeungana na njia wanazopita abiria wa kila siku. Kwa hiyo zipo siku wanayatoa mabehewa yao na kuyatembeza. Safari hii yalikuja Brighton Beach, stesheni iliyoinuliwa juu ya nguzo za chuma, karibu na bahari kiasi kwamba upepo wa chumvi unakufikia ukiwa jukwaani. Nauli ni ile ile ya kawaida. Unalipa, unapanda.

Nilipanda zote nilizoweza, ila moja ndiyo iliyonifanya nikukumbuke wewe.

Ni treni ya mbao, ya mwanzo wa karne iliyopita, mabehewa yenye zaidi ya miaka 100. Ubavuni hayana mlango hata mmoja. Abiria anaingilia mwishoni mwa behewa, kwenye kibaraza kilicho wazi, chenye geti la chuma. Na pale kati, behewa moja linapoishia na jingine linapoanza, anasimama gadi. Mguu mmoja huku, mguu mwingine kule. Kulia kwake kuna mkono wa chuma wa kuvutia geti na kushoto kuna mwingine, anaivuta yote miwili na mageti yanajifunga. Akiona kwake kumetulia anavuta kamba, kengele inalia kwa mwenzake wa mbele. Naye huyo akiwa tayari anampigia wa mbele yake. Hivyo hivyo mpaka kengele imfikie dereva, na hapo ndipo treni inaondoka. Neno halijatamkwa.

Nilisimama mita moja hivi kutoka kwa gadi mmoja, mzee wa makamo, kofia yake imenyooka. Nikaacha kumpiga picha ya uso, nikashusha kamera kwenye mikono. Glavu zilikuwa zimechakaa katikati ya kiganja, pale chuma kinapokaa. Kabla ya kuvuta aliangalia nyuma, akaangalia mbele, kisha akaangalia nyuma tena. Mara tatu, Mjomba. Namna ile ile uliyokuwa ukifanya pale stesheni ya Tabora, bendera ya kijani ikiwa bado imekunjwa, sisi watoto tukilalamika kwamba unachelewesha.

Ulituambia siku ile kwamba treni haipewi mtu asiyeijua njia. Njia hii ya Brighton inaijua maana ya maneno hayo. Tarehe 1 Novemba 1918 madereva walikuwa wamegoma, treni ya mabehewa ya mbao akapewa mfanyakazi ambaye kazi yake haikuwa udereva wa njia hiyo. Aliingia kwenye kona kali ya Malbone Street kwa mwendo ambao kona hiyo haikuweza kuubeba. Mabehewa yaliacha reli na kusagika kwenye ukuta wa handaki. Walikufa watu wasiopungua 93. Mtaa wenyewe baadaye ukabadilishwa jina, sasa unaitwa Empire Boulevard. Nilikaa kwenye kiti cha mbao nikiyawaza hayo, na kila kengele iliyolia niliisikia vizuri zaidi.

Baada ya hapo nilipanda treni ya miaka ya 1930. Hii ni ya chuma, viti vimesukwa kwa henzirani, feni zimening'inia darini na balbu hazina kifuniko. Balbu hizo zimetengenezwa zifungwe kwa kuzungushwa kinyume, ili mwizi akiiba moja isiingie kwenye taa ya nyumbani kwake. Inapoanza kutembea inanguruma, sauti inapanda kadiri mwendo unavyoongezeka, mpaka inakuwa kama watu wanaimba mbali. Mabehewa ya aina hii yalistaafishwa mwaka 1977. Mwaka huo huo, wewe unaujua kuliko mimi, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika, ukabadilishiwa beji ya kofia.

Kuhusu picha zenyewe: kupiga picha kunaruhusiwa kwa kila mtu, ila stendi ya kamera na taa za ziada hapana. Ndani ya behewa mwanga ni wa zile balbu tu, wa manjano, kwa hiyo nililazimika kupunguza kasi ya shata, kile kifuniko kinachopitisha mwanga ndani ya kamera, hadi sehemu ya 30 ya sekunde na kubana viwiko kifuani nisitikisike. Nyingi zimeharibika. Ile ya mikono imetoka. Kamba inaonekana imefifia kwa sababu ndiyo kwanza inavutwa, lakini glavu zimetulia kabisa, unaweza kuhesabu nyuzi.

Nimeitazama picha hiyo usiku kucha, Mjomba, na kuna jambo limenichoma. Umefanya kazi Reli ya Kati maisha yako yote ya ujana, na hatuna hata picha moja yako ukiwa kazini. Tunayo ya harusi, tunayo ya kitambulisho. Ya wewe na bendera, hakuna. Hatukufikiria kwamba ilikuwa kazi ya kupigwa picha.

Nakuja Desemba, nitashukia Dar na kupanda treni hadi kwako. Tutakwenda stesheni asubuhi, kabla jua halijawa kali, na kamera nitakuwa nayo. Nakuomba uitafute ile filimbi. Shangazi anasema iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na kofia. Usiisugue, iache na kutu yake.

Mpwa wako.