Barua ya malalamiko kuhusu seti ya gesi ya hamira kwa tangi la samaki lenye mimea

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Nairobi.

Kwa Bw./Bi.,

MINT: SETI YA GESI YA HAMIRA ISIYO NA VIFAA VYA USALAMA NA YENYE MAAGIZO YA HATARI

Ninaandika kulalamika kuhusu seti ya kutengenezea kaboni dioksidi kwa hamira na sukari, niliyoinunua katika duka lenu la hapa jijini kwa ajili ya tangi langu la lita 60 lenye mimea ya majini. Siilalamikii hamira yenyewe, kwa kuwa ni njia ya bei nafuu ya kuipa mimea gesi inayoihitaji, na si kila mfugaji wa samaki wa mapambo anaweza kumudu mtungi wa gesi na rekyuleta yake ya kupunguza shinikizo. Ninachokilalamikia ni kwamba mmeuza kifaa ambacho usalama wake unategemea vitu ambavyo hamkuviweka ndani ya boksi, kisha mkaandika mwongozo unaompeleka mnunuzi moja kwa moja kwenye hatari ambazo vitu hivyo vingezuia.

Mwongozo wenu unaagiza gramu 200 za sukari na pakiti nzima ya hamira katika chupa moja, na unaeleza kwamba gesi inaweza kuachwa iingie majini usiku na mchana bila madhara yoyote. Nilifanya hivyo. Kulipokucha nilikuta samaki wamejazana juu ya maji wakitweta, samaki wadogo aina ya gapi kadhaa wamekufa, na kamba wadogo karibu wote wamelala chini bila uhai. Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinieleza kwamba huenda samaki walikuwa wagonjwa tangu awali. Waliosalia walirejea katika hali yao ya kawaida baada ya mimi kuutoa mpira wa gesi majini na kuwasha pampu ya hewa, na ugonjwa unaopona kwa namna hiyo sijapata kuusikia.

Naomba wataalamu wenu waifanye hesabu ambayo mwongozo haukuifanya. Sukari inapochachuka, takriban nusu ya uzito wake hugeuka kuwa kaboni dioksidi na sehemu kubwa ya kiasi kinachobaki huwa pombe, kwa hiyo gramu 200 zinaweza kutoa karibu gramu 100 za gesi. Wakuzaji wengi wa mimea ya majini hulenga miligramu 30 hivi za gesi hiyo kwa lita, yaani chini ya gramu 2 katika tangi zima la lita 60. Ni kweli kwamba gesi nyingi hupotea hewani na haiyeyuki majini, lakini ndiyo sababu kasi yake ni jambo la kwanza kuzingatiwa, na kasi hiyo hutegemea sana wingi wa hamira na joto la chupa. Robo ya kijiko cha chai ya hamira ingeitoa gesi hiyo taratibu kwa muda mrefu. Pakiti nzima huimwaga kwa siku chache, na siku hizo chache ndizo zinazoua.

Usiku ndio wakati mbaya zaidi. Taa zikizimwa, mimea huacha kutumia kaboni dioksidi na, kama samaki, huendelea tu kutumia oksijeni na kutoa kaboni dioksidi yake yenyewe, huku hamira ikiendelea na kazi bila kujali saa, kwa maana haina swichi. Hapa Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 20 kuliko maji ya Mombasa yenye joto lilelile. Tena maji ya mfereji, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini na mito ya Aberdare, ni laini, na kwa kukosa kabonati ya kutosha pH yake, yaani kipimo cha asidi ya maji, hushuka chini zaidi gesi inapozidi. Mtu aliyeandika mwongozo huo, sijui alikuwa akiandikia mji gani. Ilitosha kumwambia mnunuzi awashe pampu yenye jiwe la hewa la kutoa mapovu usiku kucha, au autoe mpira majini jioni na kuiacha gesi itokee nje ya tangi, na umeme ukikatika autoe mara moja, kwa sababu pampu itasimama lakini hamira haitasimama.

Badala yake, ukurasa wa mwisho wa mwongozo unasema kwamba anayetaka kusimamisha gesi usiku anaweza kuubana mpira kwa kibanio. Hili ndilo lililonitia hofu kuliko vifo vya samaki wangu. Chupa mliyoiweka katika seti ni ya kioo. Gesi inayotengenezwa bila kukoma ndani ya chupa iliyozibwa huongeza shinikizo hadi kitu fulani kiachie, na kioo kikipasuka hurusha vipande. Chupa ya plastiki ya soda, ambayo imeundwa kuhimili shinikizo na ambayo mtu huipata bure baada ya kunywa soda, ingekuwa salama zaidi, ingawa hata hiyo haifai kuzibwa. Hatari iyo hiyo inaweza kutokea bila mtu kubana chochote, kisambaza gesi cha kauri kikiziba kwa mwani, na mwongozo haumkumbushi mtu kukisafisha wala kukikagua.

Vilevile hakuna vali ya njia moja ya kuzuia maji ya tangi kuvutwa kurudi chupani usiku wa baridi gesi inapopungua ujazo, na hakuna chupa ndogo ya pili ya kunasa povu la hamira na pombe kabla halijafika kwa samaki.

Kwa kuzingatia Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mnunuzi haki ya kupata bidhaa bora, habari za kutosha, ulinzi wa usalama wake na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro, ninaomba mnirejeshee bei ya seti na mnifidie samaki na kamba waliokufa. Ninaomba pia msitishe uuzaji wa seti zenye chupa ya kioo, muwajulishe walionunua tayari kwamba wasiubane mpira kamwe, na muuandike upya mwongozo, kwa Kiswahili pia, ukiwa na kipimo sahihi cha hamira na maelezo ya usiku.

Nasubiri jibu la maandishi katika muda wa siku 14. Nisipolipata, nitaipeleka barua hii, pamoja na picha za chupa na za kurasa za mwongozo, kwa KEBS, shirika la viwango vya bidhaa nchini, na kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Seti yenyewe bado ninayo, na naweza kuileta dukani ikaguliwe siku yoyote ya kazi.

Wenu mwaminifu,
Mteja wenu, Nairobi