Miwati ya shamba la mzee

Njombe, Juni

Rafiki yangu mpendwa,

Kamwene! Sisi wazima, ila baridi ya mwezi huu imetushika kwelikweli, ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Nimepata ujumbe wako kwamba Agosti unaleta watu wa msumeno, miti yote ya miwati ya marehemu mzee ikatwe, matawi yachomwe moto hapohapo, upande parachichi.

Parachichi sikupingi. Njombe nzima iko huko sasa, na udongo wako utaipokea vizuri, kwa sababu mizizi ya miwati ina vifundo vyenye bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani na kuurutubisha udongo. Tatizo ni Agosti, na huo moto.

Kiangazi gome linagandamana na mti. Utalipasua vipande vipande, na mnunuzi atakukatalia. Subiri mvua zikolee, Desemba au Januari, maji yapande mtini. Hapo gome linavuliwa kwa mkanda mmoja mrefu toka shinani. Na gome ndilo lililouleta mti huu kwetu! Kwao ni kusini-mashariki mwa Australia. Mbegu zilifika Natal, Afrika Kusini, mwaka 1864, na baadaye, mwaka 1949, Waingereza wakaanzisha hapa Njombe kampuni tunayoiita TANWAT, wakapanda miwati kwa ajili ya tanini, ile dawa ya kutengenezea ngozi ngumu za soli. Mti wa miaka minane hadi kumi ndio unaofaa kuvunwa. Ile ya upande wa barabarani alipanda mzee mwishoni, bado michanga. Iache, tafadhali.

Moto ndio unaonitisha zaidi. Mbegu ya muwati ina ganda gumu, inaweza kulala ardhini miongo kadhaa bila kuoza. Joto la moto linalegeza ganda, na mvua ya kwanza ikinyesha utaona miche imejaa kama nyasi, katikati ya parachichi zako. Utaing'oa mpaka uchoke. Ni afadhali matawi uyapange kwa mstari kukinga mteremko, yaoze yenyewe.

Kitu kimoja ukitaka kukianza hata kesho, anza na ile ya bondeni, kwenye kijito. Hiyo nakuunga mkono kabisa. Muwati hunywa maji sana. Afrika Kusini serikali iliajiri watu tangu 1995 kuing'oa kandokando ya mito, na mti huu umo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kijito kile majirani wanakitegemea kiangazi chote, na mama zetu wanazidi kwenda mbali kuchota.

Ile ya juu, kwenye mwamba, parachichi haitakaa. Ibakize. Kuni zake zinawaka vizuri, mkaa wake mzito, na fito zake ndizo zilizojengea jiko la bibi: zilisukwa, zikafungwa kwa kamba, zikakandikwa udongo, na ukuta bado umesimama.

Wale wa msumeno usiwape malipo ya awali kabla hatujaongea. Nipigie jioni, mchana niko shambani na mtandao unasumbua. Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.