Unasafiri kwenda China? Iandae VPN kabla hujaondoka Dodoma

Ndugu mteja,

Kila inapokaribia miezi ya Aprili na Oktoba, ambayo ndiyo miezi ya maonesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, duka letu la simu hapa Dodoma hupata wageni wengi wanaojiandaa na safari ya China. Huja wafanyabiashara wa Majengo na Sabasaba wakitafuta pawabenki na adapta, kwa kuwa soketi za kule hazipokei plagi zetu za miguu mitatu, na wengine huomba tuwabadilishie betri ya simu kabla ya kupanda treni ya SGR kwenda Dar es Salaam. Wanaouliza habari za VPN, yaani programu ya kukuwezesha kufungua huduma zilizozuiwa katika nchi uliyopo, ni wachache, na wengi wao hutuuliza wakiwa wameshafika. Makala hii tumeiandika kwa ajili ya hao, ili safari ijayo swali lije mapema.

Mteja wetu mmoja, muuza vipuri vya pikipiki, alipatana na kijana wake kwamba angemtumia picha za mzigo kwa WhatsApp akiwa sokoni Guangzhou, kijana akiwa dukani Majengo achague kinachouzika. Alipofika alinunua laini ya kule, akaweka bando, na intaneti ikawa na kasi nzuri, lakini WhatsApp haikufunguka. Alijaribu Gmail ikagoma, akaenda YouTube ikagoma vilevile. Kijana alikuja dukani kwetu na ujumbe mfupi wa kawaida aliotumiwa na baba yake: simu imeharibika, waulizeni mafundi. Simu haikuwa na kasoro yoyote. Tulimwelekeza kupakua VPN, naye akajibu kwamba Play Store yenyewe haifunguki. Hapo ndipo tulipoona kosa letu, kwa maana mzee huyu alikuwa amepita dukani wiki moja kabla, tukamuuzia adapta tukamtakia safari njema.

China imezuia huduma nyingi ambazo kwetu ndizo intaneti yenyewe. Facebook imefungwa huko tangu 2009, Google iliondoa huduma yake ya utafutaji China bara mwaka 2010, na WhatsApp ilizibwa mwaka 2017. Mwaka huohuo wa 2017, Apple iliondoa programu nyingi za VPN kwenye App Store ya China, na Play Store ya Google haipatikani kabisa. Maana yake ni kwamba chombo cha kuuvukia ukuta nacho kimewekwa upande wa pili wa ukuta. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba simu itoke Dodoma ikiwa tayari, programu ikiwa imepakuliwa, akaunti imefunguliwa na nenosiri limeandikwa mahali penye usalama, badala ya kutegemea kwamba mambo yote yatapangwa ukifika hotelini.

Watu hutuuliza VPN inafanya kazi vipi, nasi huwajibu kwa mfano wa kifurushi cha basi. Ukituma kifurushi kwa kawaida, juu yake umeandika jina la mpokeaji, na mkaguzi wa njiani mwenye orodha ya majina yaliyokatazwa hukizuia pale pale. VPN hukitia kifurushi hicho ndani ya sanduku jingine lenye kufuli, na juu ya sanduku huandika jina la wakala aliye nchi nyingine. Mkaguzi huona jina la wakala tu, na wakala akishalipokea hulifungua na kukifikisha kifurushi kwa mwenyewe. Sanduku ndiyo data iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa kuwa siri isiyosomeka njiani, na wakala ndiyo seva ya kampuni ya VPN, ambayo inaweza kuwa Nairobi, Singapore au London.

Tatizo ni kwamba wakaguzi wa China wamesoma. Mbali na kuzuia anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye intaneti, na kutoa majibu ya uongo pale simu inapouliza tovuti fulani ipo wapi, mitambo yao huchunguza umbo la sanduku lenyewe. Itifaki, yaani kanuni za mawasiliano za VPN, mbili zinazotumika sana ni OpenVPN na WireGuard, nazo zina namna yake ya kuanza mazungumzo kati ya simu na seva, na mtambo ukiitambua namna hiyo hukata mawasiliano hata kama haujui kilichomo ndani. Ndiyo maana VPN inayofanya kazi vizuri hapa Area D inaweza kushindwa kabisa Guangzhou. Tunapomwandalia msafiri simu huchagua huduma yenye uwezo wa kujificha, yaani inayolifanya sanduku lifanane na mawasiliano ya kawaida ya tovuti salama, na tunaweka mbili za kampuni tofauti, kwa kuwa inayopita leo huenda isipite wiki ijayo. Fundi akikwambia kwamba amekujaribia hapa na itakubali kule kwa uhakika, mwombe akueleze amejaribu vipi akiwa Dodoma. Sisi tunachoweza kuthibitisha hapa ni kwamba programu inaunganisha, kwamba anwani ya IP inabadilika, na kwamba maulizo ya simu hayavuji nje ya sanduku.

Ipo njia nyingine ambayo wauzaji wa VPN hawaizungumzii sana, nayo ndiyo iliyomwokoa mzee wa vipuri. Ukitumia laini yako ya Tanzania ukiwa China kwa huduma ya roming, data zako kwa kawaida husafirishwa kwanza hadi kwenye mtandao wa nyumbani ndipo zitoke kwenda kwenye intaneti, na kwa hiyo hazipiti kwenye kichujio kinachowahusu wenye laini za kule. Tulimwambia airudishe laini yake na kuwasha roming, na WhatsApp ikafunguka papo hapo. Kwa furaha alianza kutuma picha za matangi na taa za pikipiki, akamaliza salio lote kabla hajapakua VPN tuliyomwelekeza. Kijana wake alimwongezea fedha mara mbili kutoka Majengo, na safari ya pili programu ikashuka. Roming ni ghali kwa matumizi ya kila siku, lakini kama njia ya dharura haina mpinzani, mradi huduma hiyo iwe imewashwa na kampuni yako ya simu kabla hujasafiri. Laini hiyohiyo ndiyo itakayopokea namba za uthibitisho za benki, kwa hiyo usiiache nyumbani. Hong Kong na Macau hazimo ndani ya kichujio cha China bara, na msafiri anayepitia huko anaweza kukamilisha maandalizi aliyoyasahau.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuacha VPN ikiwa imewaka kutwa nzima. Huduma za Kichina, kama vile WeChat ya ujumbe, Alipay ya malipo na programu za kuita teksi, hufanya kazi vizuri zaidi VPN ikiwa imezimwa, na programu ya benki yako inaweza kukataa kufunguka ikiona kwamba asubuhi ulikuwa China na saa moja baadaye upo Uholanzi. Iwashe unapohitaji kuvuka, kisha izime. WeChat nayo ni vyema ukaifungua ukiwa hapa, kwa sababu akaunti mpya mara nyingine hutaka mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishie, na Dodoma ni rahisi kumpata mwanafunzi wa UDOM aliyewahi kusoma China kuliko kumshawishi mtu usiyemjua uwanja wa ndege.

Kuhusu VPN za bure tunasema wazi kwamba hatuziweki. Turejee kwa yule wakala: yeye ndiye anayefungua sanduku, na ingawa hawezi kusoma ujumbe wa WhatsApp wala mawasiliano ya benki, kwa kuwa hayo yana kufuli lake lenyewe, anaona unakokwenda na saa unayokwenda. Wakala asiyelipwa na wewe analipwa na mwingine. Onavo, programu ya VPN iliyokuwa mali ya Facebook, ilikuwa ikikusanya taarifa za namna watu wanavyotumia programu nyingine kwenye simu zao, na iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018 baada ya Apple kusema kwamba inavunja kanuni zake. Kama kampuni kubwa kiasi hicho ilifanya hivyo, tunaona haya kukuwekea programu ambayo hata mwenyewe hajulikani.

Sheria ni jambo ambalo lazima mteja alijue kabla hatujagusa simu yake. China inaruhusu VPN zilizoidhinishwa tu, na hizi zinazotumiwa na wasafiri hazimo. Watu wengi huzitumia bila kusumbuliwa, lakini hiyo haizifanyi kuwa halali, na uamuzi ni wa msafiri. Wanaokwenda Dubai hali yao ni tofauti: kule WhatsApp hufunguka kwa ujumbe, ila simu za sauti na video huzuiwa, na sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inaweka faini ya kuanzia dirhamu 500,000 hadi milioni 2 kwa anayetumia anwani ya IP ya bandia kutenda kosa au kuficha kosa lisigundulike. Kwa Dubai, ushauri wetu ni kutumia programu za kupigia zilizoruhusiwa, kama Botim, na kuachana na VPN kwa ajili ya kumjulia hali mama watoto. Wala si mpaka uvuke bahari, kwa maana Januari 2021 Uganda iliifunga Facebook siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na madereva wa malori walishangaa walipovuka mpaka wa Mutukula.

Na hapa nyumbani pia kuna utaratibu. Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo kwa kurejea Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020, ikiwataka watu na kampuni wanaotumia VPN kuwasilisha taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Mteja anayejaribu VPN dukani kwetu anaitumia akiwa Tanzania, hata kama ni kwa dakika 10, na hivyo tunamweleza habari hiyo na kumshauri apate maelekezo ya Mamlaka kabla hajaendelea. Hatuweki VPN kwa mtu anayetuambia kwamba anataka kufungua kilichozuiwa hapa nchini.

Kwa anayehitaji huduma hii, tunaomba simu ifike dukani angalau siku tatu kabla ya safari, siyo asubuhi ya kupanda treni. Njoo nayo ikiwa na chaji na nafasi ya kutosha, pamoja na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Malipo ya VPN hufanywa na mteja mwenyewe kwa kadi yake, nasi hatubaki na nenosiri lolote. Utaondoka na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, yenye hatua za kuwasha roming na namba yetu ya ujumbe wa kawaida, ambayo tunakushauri uitie ndani ya pasipoti.