Nyumba ya harusi si yako mpaka ukabidhiwe

Mhariri,

Kuna watu wanaolalamika ati korti za kadhi zinawanyang'anya wanawake nyumba, nami nataka niseme yangu manake kwetu Lamu jambo hili limetukuta, na si kadhi alotuumiza.

Wasojua Lamu niwaeleze kidogo. Huku nyumba ni ya mwanamke. Baba akimuoza bintiye humpa nyumba, au akiweza humjengea orofa juu ya yake, na anayehama ni mume, huja na begi lake akakaa kwa mkewe. Mila nzuri sana lakini yote ni ya mdomo, mzee asema mbele za watu "nyumba hii nimempa mwanangu", watu waitika, pilau yaliwa, basi imekwisha hiyo.

Babu yangu alifanya hivyo hivyo kwa mama yangu mdogo, nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, ya kale, ina zidaka (vijishimo vya ukutani vya kuwekea vitu) na msana (ukumbi mrefu) na kila kitu. Ila babu na bibi hawakuhama, waliendelea kukaa mumo humo, na ile sabule, chumba cha wageni, babu akawa anaikodisha na kodi anaipokea yeye mwenyewe mpaka siku ya kufa kwake. Arubaini ikapita, wajomba zangu watatu wakaenda wakafungua faili kwa kadhi na nyumba ikaandikwa kwenye mirathi.

Mama mdogo akasema si mirathi, ni hiba, zawadi, nilipewa. Kadhi hakukataa kuwa hiba ipo, ila akasema kutoa na kukubali peke yake hakutoshi, lazima kitu kikabidhiwe mtu akishike. Akauliza tu, kodi ya sabule ilikuwa yaingia mfuko wa nani? Hapo kimya. Mashahidi wa harusi wengi washatangulia, na mmoja aliyebaki alikuwa akumbuka pilau tu.

Basi hesabu ikapigwa. Bibi thumuni, yaani moja ya nane, iliyobaki ya watoto, wa kiume mafungu mawili wa kike moja, kama ilivyo kwenye Suratun Nisaa. Nyumba ikawa mafungu 64, bibi 8, kila mjomba 14, mamangu 7 na mama mdogo 7. Kabla hatujamaliza bibi naye akafariki, fungu lake likagawanywa tena, mama mdogo akapanda kutoka 7 kuwa 8. Nusura nicheke mle kortini.

Na nyumba ya mawe utaigawaje jamani? Huwezi kukata msana ukampa huyu na sabule ukampa yule, na kupiga ukuta kati ya nyumba ya mji wa kale wataka ruhusa ya watu wa makumbusho kwanza. Dawa ni mmoja awanunue wenzake, nani ana pesa hizo, au iuzwe, na wanunuzi wa nyumba hizi siku hizi twawajua.

Wajomba siwalaumu, walichukua walichopewa na sheria. Namlaumu babu, Mungu amrehemu, na sisi tuliokuwa tukiona kodi inavyopokewa tukanyamaza, manake binti akimwambia babake "niandikie" huonekana amemtakia kifo. Wengine walituambia ati babu angeacha wasia. Wasia gani? Wasia kwa mrithi haupiti mpaka warithi wenzake wakubali, na hata kwa mtu wa nje mwisho wake ni thuluthi. Kama umempa mwanao nyumba mpe ungali hai, andika, weka mashahidi vijana si wazee wenzako, mwachie funguo na kodi apokee yeye, na ukitaka kuendelea kukaa humo kaa kama mgeni wake.

Mama mdogo sasa yuko Malindi kwa kijana wake. Funguo ya Mkomani bado anayo kwenye mkoba, ingawa kitasa kishabadilishwa.

Mjukuu, Langoni, Lamu