Vitisho vya usiku navyo ni vurugu

Mhariri,

Magazeti yakiripoti vurugu za kisiasa huhesabu maiti, majeruhi na magari yaliyochomwa. Mwanamume hupigwa hadharani, mbele ya kamera. Mgombea mwanamke hupigiwa simu usiku wa manane, akatajiwa shule anayosoma mwanawe. Asubuhi anajitoa, na chama kinatangaza "sababu za kifamilia". Hilo haliingii kwenye hesabu yoyote.

Mwaka 1998, katika kesi ya Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyoketi Arusha ilitamka kuwa ubakaji unaweza kuwa mauaji ya kimbari. Sheria ilishaona kuwa anayofanyiwa mwanamke nayo ni vurugu. Polisi kaunta bado humuuliza mama huyo kama mumewe anajua anagombea.

Na hao wanaokodiwa kurusha mawe, mbona hakuna anayeuliza kwa nini ni wavulana watupu?

Msomaji wenu