Simu ya wachangishaji imenikosanisha na mama mkwe

Shangazi, shikamoo.

Naishi Leicester, Uingereza, na mume wangu na watoto. Mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Korogwe, na Jumamosi iliyopita tukaamua kumtembeza mashambani, maana tangu afike alikuwa anaona nyumba na maduka tu. Tukashika barabara ya A6, tukapita Derby, tukaelekea Peak District, hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hii, iliyoanzishwa 1951. Mama alifurahi mno! Pale Matlock Bath, barabara inapobanwa na mto Derwent upande mmoja na majabali upande wa pili, akasema anajiona yuko Mombo anapanda Lushoto. Alishangaa kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, zinakwea vilima mpaka juu, na kondoo wasio na mchungaji. Bakewell tukala, tukasonga hadi Castleton. Barabara ya zamani iliyopita chini ya mlima Mam Tor ilimomonyoka mara kwa mara mpaka ikafungwa 1979, kwa hiyo siku hizi unapanda Winnats Pass, korongo jembamba lenye mwinuko mkali kweli. Mume wangu yuko gia ya kwanza, mama kashikilia kiti huku anacheka, simu yangu ikaita kwenye spika za gari.

Namba siijui. Nikapokea nikidhani ni kazini. Kumbe ni shirika la kuchimba visima Afrika, ambalo benki yangu hulikatia pauni 10 kila mwezi. Kijana akanishukuru vizuri tu, kisha akaanza kunisimulia habari za msichana wa Tanzania anayekwenda mbali kutafuta maji. Shangazi, mimi ni mtu wa Handeni. Ndoo hiyo nimeibeba kichwani, na ndiyo sababu nachangia. Nikamwambia hivyo, nikamwambia na kwamba tuko safarini. Akarudi pale pale alipoachia: je, naweza kufikisha pauni 18? Nikasema hapana. Basi 15? Basi 12? Nikakata simu mikono inatetemeka.

Mama hajui Kiingereza, lakini “Tanzania” aliisikia. Akauliza, mwanawe akamtafsiria yote. Usiku akaniita. “Mwanangu, mtoto wa wifi yako ada yake haijatimia, tukaambiwa hali ngumu. Kumbe kuna watu baki wanaopewa kila mwezi?” Nilishindwa kumjibu. Nyumbani tunatuma, na yeye anajua, lakini tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Mume wangu anasema nifute mchango yaishe.

Mimi sitaki kuufuta. Kwa kuwa nalipa kodi, serikali ya hapa huongeza peni 25 juu ya kila pauni ninayotoa, hivyo pauni 10 zangu zinakuwa 12.50, wakati nikituma nyumbani inapungua kwa makato. Na kisima kinanywesha hata mtoto asiye na mjomba Ulaya. Kuhusu simu, nimeshaona njia: ipo huduma ya bure iitwayo Fundraising Preference Service, unataja shirika, nalo linatakiwa liache kukusumbua, bila mchango wako wa benki kuguswa. Hilo nitalifanya. Ninachositia ni kupeleka malalamiko rasmi, kwa sababu yule kijana yuko kazini, huenda amepangiwa cha kusema, na sipendi akose riziki kwa ajili yangu.

Lakini linaloninyima usingizi ni mama. Anaondoka mwisho wa mwezi. Je, nikae naye mimi mwenyewe nimweleze kwa nini natoa, au hilo ni la mwanawe kumwambia mamake? Na nikiiongezea ada ya mtoto sasa hivi, si ataona nimekubali kosa ambalo sikulifanya? Nisaidie, Shangazi, kabla hajapanda ndege.

Mke mwenye mawazo, Leicester