Mama mjamzito aulizwe anakunywa maji ya wapi

Ndugu Mhariri,

Kliniki zetu za wajawazito hapa Tanga wanasisitiza damu, chandarua, malaria, na wanafanya vizuri kwa kweli, ila floraidi, yale madini yanayokuwa kwenye maji ya kunywa, sijasikia ikitajwa. Wengi tukisikia floraidi tunawaza meno tu, yale ya kahawia ya ndugu zetu wa Arusha na Meru, kumbe inapita kwenye kondo la nyuma inamfikia mtoto tumboni.

Mwaka 2017 kule Mexico City watafiti walipima mkojo wa wajawazito halafu wakapima akili za watoto wao walipokua, waliokuwa na floraidi nyingi watoto wao wakawa na alama za chini. Kanada 2019 ikawa hivyo kwa wavulana, wasichana hapana. Denmark hawakuona shida hiyo, kwa hiyo sisemi watu wapaniki au watupe dawa ya meno yenye floraidi, ila 2024 wataalamu wa sumu wa serikali ya Marekani walisema wana uhakika wa wastani kwamba floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita inaendana na akili ya mtoto kushuka, na hiyo 1.5 ndo kiwango cha mwisho cha Shirika la Afya Duniani kwenye maji ya kunywa.

Sisi wa mjini tunakunywa mto Zigi, hofu yangu haipo hapo. Namwaza binti anayeolewa Arusha akabebea mimba huko, na hivi visima vinavyochimbwa kila kona, mtu anaonja, hayana chumvi, basi ni maji mazuri. Floraidi huionji wala huioni, na kuchemsha hakuitoi, maji yakipungua sufuriani ndo inazidi kukolea. Halafu magadi jamani! Yale mabonge ya kijivu ya sokoni tunatwanga tunatia kwenye kunde ziive haraka tuokoe mkaa, na magadi ya kaskazini mengine yamepimwa yakakutwa na floraidi nyingi mno. Mjamzito aloweke kunde usiku kucha, zitaiva tu.

Ombi langu manesi wamuulize kila mama maji anachota wapi na magadi anatumia kiasi gani, na kisima chochote cha mtaa kipimwe floraidi kabla watu hawajaanza kuchota. Na nyinyi gazeti tusaidieni, waulizeni wahusika wa maji watoe majibu ya vipimo vya kila kisima yabandikwe ofisi ya mtaa tuyasome wenyewe.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga